Vidole Viwili vya Hanamu

Mume wa Mkasi alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Alikaa juu ya meza ya kukatia nguo, miguu inaning'inia, maganda anayaangusha sakafuni, hatua tatu tu kutoka pale mama yake mzazi alipokutwa Alhamisi amelala kifudifudi, kichwa kimepasuliwa kwa pasi. Doa lilikuwa bado lipo. Mtu alijaribu kulisugua kwa sabuni, akachoka katikati, likabaki na rangi ya chai. Chumba kizima kilinuka sabuni, yai, na kitu kingine ambacho Inspekta hakutaka kukifikiria.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Kituoni walimwita Shangazi kwa sababu ya mdomo wake, na katika kazi hiyo alikuwa ameona mengi, maiti za kila namna. Lakini yai hili lilimtia kinyaa.

"Mkeo aliondoka siku gani?"

"Afande, hilo uliniuliza juzi."

"Na leo nakuuliza tena."

Mwanamume akalipuliza yai, akalitia chumvi. "Sikumbuki. Mimi nalala mapema. Kazi yangu hapa ni vifungo na matundu ya vifungo. Habari za nani katoka nani kaingia sizifuati."

"Mkeo anasema aliondoka Jumatano alfajiri kwenda kumwuguza mama yake, na wewe ulimwona akiondoka. Dada yako anasema Alhamisi mchana mkeo alikuwa humu humu ndani, anafokeana na marehemu. Mmoja wao ni mwongo. Kesho saa tatu asubuhi mkeo anapandishwa kizimbani kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Neno lako moja tu linamtoa. Unanielewa?"

"Damu ni nzito kuliko maji, afande," alisema na yai mdomoni. "Siwezi kumwita dada yangu mwongo."

"Kwa hiyo unakumbuka."

"Nimesema sikumbuki."

Inspekta akasonya. Mlangoni Koplo, askari mzee aliyebakiza miezi minne astaafu, aliandika jibu hilo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake bila kuambiwa.

Dada mtu akatokea nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mtaa mzima walimwita Poda, na hata msibani poda ilikuwa mahali pake, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye kola ya gauni jeusi. Akamkaribisha Inspekta kiti. Inspekta akasema amekaa vya kutosha wiki hii.

"Nieleze tena ya Alhamisi," alisema.

Poda akaeleza, neno kwa neno kama alivyoeleza siku ile kituoni. Asubuhi alimkabidhi wifi yake kitambaa, krepu rangi ya maziwa. Mkasi akakata sketi ya duara pale mezani, akaishona, na saa sita alikuwa amemaliza kila kitu mpaka pindo. Poda akatoka kwenda kutafuta nyuzi, akawaacha wanagombana. Aliporudi saa kumi, mama ndiyo huyo sakafuni, sketi imening'inia ukutani, na Mkasi hayupo.

"Na wewe hukugusa hiyo sketi?"

"Mimi? Cherehani hata siigusi, afande. Mimi ni wa kupokea wateja na kuwasifia." Akajifuta macho kwa ncha ya kidole, chini kabisa ya kope, poda isiharibike. "Jamani, mama yangu!"

Hiyo sketi ndiyo iliyomtia Mkasi ndani. Hakuna jirani aliyemwona Alhamisi. Ila kila mtu alijua kwamba katika duka lile anayeweza kukata duara ni yeye peke yake, ndiyo maana wakamwita Mkasi. Sketi imekatwa Alhamisi, basi Alhamisi alikuwepo. Bosi wa kituo aliridhika na hesabu hiyo, akaenda kula. Inspekta hakuridhika, lakini mpaka asubuhi hii alikuwa hana la kuweka mezani isipokuwa mdomo wake.

---

Mkasi aliletwa chumba cha mahojiano akinuka mahabusu. Siku nne kwenye chumba chenye ndoo moja na wanawake tisa. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Inspekta alimpa maji, akangoja anywe glasi mbili, ndipo akatoa sketi kwenye mfuko wa vielelezo na kuiweka mezani.

"Hii uliikata lini?"

"Jumanne jioni, afande. Nikaunga kiuno, nikaitundika. Nikaiacha hivyo hivyo, haina pindo."

"Kwa nini hukumaliza?"

Mkasi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini viatu huvaliwa miguuni. "Duara halipindwi siku lilipokatwa."

"Mwanangu, mimi nashonewa nguo, sishoni. Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Nipe leso yako." Inspekta akampa. Mkasi akainyoosha mbele ya taa. "Kitambaa kina nyuzi za kwenda urefu na nyuzi za kukatiza. Shika huku na huku, vuta kufuata uzi."

Inspekta akavuta. "Haivutiki."

"Sasa vuta kona kwa kona."

Leso ikanyooka mikononi mwake, ikawa ndefu na nyembamba. Koplo akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Hiyo ndiyo hanamu," Mkasi alisema. "Sketi ya duara ni kitambaa kimoja, lakini kwa sababu ni mviringo, haining'inii kwa namna moja. Mbele, nyuma na mbavuni inaning'inia kwa uzi ulionyooka. Hapo haishuki. Katikati ya hapo, sehemu nne, inaning'inia kwa hanamu. Hizo sehemu nne ndizo zinazofanya yale mawimbi watu wanayoyapenda, na hizo hizo ndizo zinazokutia aibu, maana zinashuka. Ukipinda siku hiyo hiyo, mteja anaivaa Jumapili yuko sawa, ikifika Jumatano pindo linaning'inia kama ulimi wa mbwa. Kwa hiyo unaitundika siku mbili. Ishuke, imalize ujinga wake. Halafu unachukua rula, unapima toka sakafuni kuizunguka yote, unapiga chaki, unakata kilichozidi, ndipo unapinda. Krepu kama hii inashuka vidole viwili."

"Kila mtu hufanya hivyo?"

"Kila fundi. Siyo kila mshonaji."

Inspekta akaitazama sketi. "Na ikishakatwa na kupindwa, kuna njia ya kujua kwamba ilitundikwa kwanza?"

Mkasi akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne kumwona akiwa na haraka ya kitu.

"Ilazeni mezani. Ifungueni yote. Papaseni mpaka nyuzi zirudi zikae mraba, kama kwenye leso kabla hujaivuta. Kisha pimeni toka kiunoni mpaka ukingoni."

Koplo akatafuta futi. Akapima kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kukaripiwa kwa vipimo.

"Mbele?"

"Sentimita sabini na mbili."

"Ubavuni?"

"Sabini na mbili kamili."

"Katikati ya mbele na ubavu?"

Koplo akapima, akasogeza miwani, akapima tena. "Sitini na nane na nusu."

Sehemu zote nne za hanamu zilikuwa fupi, ile fupi kuliko zote sitini na nane, ile ndefu sitini na tisa. Ukiining'iniza sketi, pindo lilikuwa sawasawa kama maji kwenye beseni. Ukiilaza, lilikuwa limeng'atwa mahali panne.

"Vidole viwili," Inspekta alisema.

"Labda walipunguza tangu wakati wa kukata," Koplo alisema. "Mtu akishajua itashuka, si anakata fupi mapema?"

"Utajuaje itashuka kiasi gani, mzee wangu?" Mkasi alimjibu. "Kila kitambaa na tabia yake. Jora hili lilikuwa jipya. Hata mimi nilikuwa silijui."

Inspekta alikaa chini. Basi sketi ilitundikwa siku mbili kabla ya kupindwa. Na yule aliyeiona ikikatwa Alhamisi asubuhi na kumalizwa saa sita alikuwa amekaa kwenye kiti cha polisi, akiwa na poda usoni, akiongopa bila hata kujikwaa.

"Usifurahi bado," alimwambia Mkasi. "Hii inamfanya wifi yako mwongo, haikufanyi wewe malaika. Ungeweza kukata Jumanne na kurudi Alhamisi ukapinda."

"Najua."

"Nani mwingine anapinda kwenye duka lile?"

"Wifi. Mapindo yote ni yake. Mama mkwe alitugawia kazi siku niliyoolewa, mimi nikate, yeye apinde. Kwa mikono yake simsengenyi, ananizidi mbali."

"Anasema cherehani haigusi."

Mkasi akacheka mara moja, kicheko kikavu. "Kama yeye haigusi, mimi ni rubani."

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Mimi sikugombania kitu. Jumatatu mama alisema mbele yetu sote kwamba akifa meza ya kukatia ni yangu, na anayekaa na meza ndiye mwenye duka. Wifi akaondoka bila kumaliza chai yake. Mume wangu akaimaliza."

Hilo Inspekta aliliamini bila ushahidi.

Mkasi alikuwa bado anapapasa ukingo wa sketi, mikono imesahau iko wapi. Ghafla ikasimama. "Hapa mbele pana kitu kigumu. Ndani ya pindo."

Inspekta alimwambia Koplo aandike saa. Wakatia sahihi wote wawili kwamba mshono ulikuwa mzima kabla haujaguswa, kisha akachukua pini, akafumua mishono mitano, akaukunjua ukingo.

Tone moja, la kahawia, limekauka, limekunjiwa ndani vizuri kama sarafu kwenye leso. Liliangukia mbele, penye uzi ulionyooka, mahali ambapo fundi hana sababu ya kukata chochote. Lingeangukia kwenye hanamu, lingeondoka na vipande vilivyokatwa.

Mkasi aliiwahi ndoo ya kona akatapika yale maji yote aliyokunywa. Inspekta alimshika bega. Sasa aliiona picha nzima, na picha hiyo ilikuwa chafu. Damu ilikuwa ndani ya pindo, basi pindo lilishonwa baada ya damu. Kikongwe yuko sakafuni, damu inatambaa kuelekea miguu ya meza, na mtu anapiga magoti kando yake na rula, anapima toka sakafuni, anapiga chaki, anakata, anakaa kwenye cherehani, anakanyaga. Taratibu, bila kukosea hata mshono mmoja.

"Koplo," alisema. "Hili pindo limepigwa pasi."

"Ndiyo, naona."

"Duka lile lina pasi ngapi?"

Koplo alifungua daftari kurasa za nyuma. "Moja."

Pasi ile ilipokamatwa ilikuwa na nywele kwenye ukingo, lakini uso wake ulikuwa umefutwa safi. Wote walidhani muuaji alikuwa anafuta alama za vidole.

"Loo," Koplo alisema, akaweka kalamu chini. "Kikulacho ki nguoni—"

"Usinitolee methali saa hizi, nitakutapikia. Nenda kawalete wote wawili. Na gunia la vitambaa chakavu. Mwenye kushona hatupi kipande, anakitia gunia ashindilie mito."

---

Saa tisa Koplo alirudi. Humo ndani ya gunia walikuta vipande vinne vya krepu rangi ya maziwa, vilivyopinda kama maganda ya tikiti, vyote vina chaki. Inspekta akavifungia kabatini. Sketi akaitundika kwenye henga, upande wa pindo lililofumuliwa ukaelekea ukuta. Mume wa Mkasi akaachwa kwenye benchi la ukumbini. Poda akaingizwa, akakaa, akapanga mkoba wake magotini.

"Nimekuita tufunge faili," Inspekta alisema kwa sauti ya uchovu. "Kesho wifi yako anakwenda kizimbani. Mimi kilichobaki ni karatasi."

"Mungu akulipe, afande."

"Muuaji ni muuaji, sawa. Lakini tuseme kweli, mikono anayo." Akaishika sketi, akaizungusha kidogo, mawimbi yakafunguka na kujifunga. "Nimemwonyesha fundi mmoja wa siku nyingi. Kasema kukata ni kukata, wakataji wapo. Ila hili pindo! Kasema hajaona. Duara zima halina mkunjo, halina kuvimba. Kasema huyu dada amezaliwa nalo."

Mkoba wa Poda ulihama kutoka goti la kulia kwenda la kushoto.

"Nimeanza kuelewa kwa nini mama yenu alitaka kumwachia meza."

"Mama alikuwa mzee. Wazee wanasema mengi."

"Aliona kipaji, bwana. Nitaandika kabisa kwenye maelezo, hakimu ayasome kwa sauti." Inspekta akavuta karatasi, akaandika polepole, akitamka kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza. "Pindo hili... lisilo na kasoro... ni kazi ya mikono ya—"

"Pindo mtu yeyote anaweza."

"Siyo mtu yeyote. Ya mikono ya Mkasi. Fundi bora kuliko wote... katika nyumba—"

"Mkasi hajui kupinda!"

Sauti ilimtoka kubwa, mpaka Koplo akashtuka. Poda alikuwa amesimama, mkoba uko chini.

"Anakata tu! Akipinda linavimba kama mdomo ulioumwa na nyuki! Miaka kumi na moja mapindo ya duka lile ni yangu, wanawake wa mji huu wanatembea na mapindo yangu, halafu wakisifiwa ni Mkasi, Mkasi, Mkasi! Mama naye, Mkasi! Hilo pindo nililipima toka sakafuni mara mbili, nikaligawa robo kwa robo—"

Kwenye kona za mdomo poda ilikuwa imepasuka kwa jasho.

"Mara mbili," Inspekta alisema. "Mama yako akiwa wapi?"

Poda akaketi. Alitazama sketi, si Inspekta.

"Alikuwa ameshanyamaza," alisema mwishoni. "Sikumtazama."

"Ulitaka tuone Mkasi alikuwepo, akamaliza kazi yake. Sawa. Sasa si ungelipinda ovyo kidogo, lifanane na la kwake? Nani angejua?"

Poda aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana ameudhika kwa dhati. "Lile ni duka la mama yangu, afande. Nguo mbaya haitoki pale."

Inspekta aligeuza sketi, akamwonyesha mahali palipofumuliwa. Poda alilitazama tone kwa muda mrefu. Halafu akaomba maji. Koplo akamtazama Inspekta. Inspekta akasema ayatoe bombani, asimpe glasi aliyonywea Mkasi.

Maelezo yalichukua karatasi sita. Alipomaliza kuyashuhudia, Inspekta alikwenda kunawa mikono, akanawa tena, akanusa vidole, akanawa mara ya tatu.

---

Mkasi alitolewa akiwa na viatu vyake mkononi, mkanda wamempotezea. Mumewe alinyanyuka kwenye benchi na mikono imefunguka. Koplo alikuwa amekwisha mwambia yaliyotokea ndani, na habari hizo alizipokea upesi kuliko mtu yeyote ambaye Inspekta aliwahi kumwona.

"Mke wangu! Si niliwaambia? Nilijua tu! Jumatano alfajiri nilimsindikiza mwenyewe, afande, begi nimebeba mimi, mvua inanyunya, nikamwambia msalimie mama, nikarudi nimelowa chapachapa. Alhamisi angefikaje hapa?"

Inspekta alihisi yai la asubuhi linapanda kooni, na wala hakulila yeye.

Mkasi alimtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Ulinipa na koti lako," alisema.

"Eh! Unaona? Na koti nikampa!"

Mkasi akageuka. "Afande, daftari bado limefunguliwa?"

"Limefunguliwa."

"Naomba uandike aliyoyasema. Mvua, begi na koti, vyote. Na uandike saa aliyokumbuka."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Jumatatu, saa kumi na moja kasoro robo. Akaandika. Mkasi akaomba kalamu, akatia sahihi yake chini ya mstari huo kama shahidi. Kisha akainama akavaa viatu, akatoka mlango wa mbele peke yake.